Mume wa Shukriya Yuko Shamba

Kabla ya neno moja kumvurugia mambo, Shukriya alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyemzungumzia. Alishona kofia. Alikaa chumba cha uani kwa Bi Shaikha, bibi wa ukoo wake, hapo Manah, Oman, katika nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mitende, pale magofu ya mji wa zamani yanapoanza: nyumba za udongo zilizohamwa, madirisha yamebaki matundu, na vichochoro visivyo na mtu tena wa kuvipita. Alitoka kwa nadra, alicheka kwa nadra, na kofia zake ziliuzwa Nizwa, katika duka la Humaid, mtoto wa Bi Shaikha. Wanaume walizivaa kwenda harusini na misikitini bila kujua kwamba zimeshonwa na mkimbizi.

Kwao ni Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Babu yake mzaa mama alitoka Manah hiyohiyo, akaenda huko kutafuta maisha, asirudi. Damu ya Manah Shukriya anayo, basi, ila ilimfikia kupitia kwa mama, na damu iliyopita njia hiyo serikali nyingi za dunia hii haziitambui. Bi Shaikha, aliyezaliwa Bujumbura na kuletwa Oman akiwa mwanamwali, alimpokea kama mtoto wake. Akamtafutia viza ya kuzuru. Viza ikaongezwa, ikaongezwa tena, na kila ilipokaribia kwisha Shukriya alikuwa hali akashiba.

Kilichomtoa Uvira ni hiki. Mume wake, Nadhir, fundi wa redio, alitoka asubuhi kwenda sokoni kununua waya. Watu wenye bunduki walikuwa wamefunga njia. Waliopita wengine waliachiwa, wengine wakapandishwa gari. Nadhir alipandishwa gari. Basi. Maiti haikuonekana, kaburi halikuchimbwa, wala hakurudi mtu wa kusimulia. Shukriya alimtafuta mpaka wale wenye bunduki walipoanza kumtafuta yeye. Akakimbilia Nairobi, akaandikishwa kuwa mkimbizi, ndipo ndugu zake wa Manah wakamwita.

Nadhir alikuwa na mambo mawili ambayo Shukriya hakuyaona kwa mwanamume mwingine. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, kirefu kwenda nyuma, hata kofia za dukani zilimkaa utosini kama kifuniko cha chupa. Kwa hiyo Shukriya alimshonea mwenyewe, na kila akitaka kuiweka kofia sawa aliivisha goti lake lililokunjwa, maana goti lake na kichwa cha mumewe vilikuwa kipimo kimoja. Hilo lilikuwa mzaha wao wa chumbani. Jambo la pili, Nadhir alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Kila akirudi husimama nje ya mlango akasema, "Hodi, wenyewe," kwa sauti ya mgeni anayeona haya, na haingii mpaka mkewe amjibu karibu. Majirani walimcheka. Shukriya naye alimcheka, miaka yote ya ndoa yao.

Huko Kanada alikuwako binamu yake, Fawziya, aliyetangulia. Fawziya alikusanya watu wa mtaani kwake, wakawa watano, wakaahidi mbele ya serikali yao kwamba Shukriya akifika watampokea, watampa pa kulala, watamlisha na kumshika mkono mpaka asimame mwenyewe. Jambo hili si dogo, wala lisidharauliwe. Watu wasiomjua mtu, wanaoishi kwenye theluji, wanajinyima ili yeye apumue. Ila wema huo una mlango, na mlango una bawabu, na bawabu ana maswali.

Aliyemweleza maswali hayo ni Reem, binti ya Humaid, msichana mchangamfu aliyezaliwa Nizwa na kumaliza chuo, aliyemwita khaala, yaani mama mdogo.

"Khaala, rahisi, wallah. Ya kwanza, uko nje ya nchi yako. Khalas, uko nje. Ya pili, huwezi kurudi. Huwezi. Ya tatu, hapa Oman hauna mahali ya kukaa daima. Hizo vitu tatu tu."

"Hizo vitu," akasema Bi Shaikha kutoka kwenye zulia lake. "Msikilize mjukuu wangu. Kiingereza kimeingia, Kiswahili kimetoka na viatu vyake."

"Aadi, kawaida tu, bibi. Si umefahamu?"

"Nimefahamu. Ndilo linalonisikitisha."

Mahojiano ya kwanza yalifanywa kwa simu ya Reem, sebuleni. Mkalimani wa ile ofisi hakupatikana siku hiyo, afisa akauliza kama pana mtu nyumbani anayejua Kiingereza, na Reem akajitolea kwa moyo mweupe. Yote yalikwenda vizuri mpaka afisa alipouliza mume yuko wapi.

"Ameghibu," akasema Shukriya.

Kwao neno hilo halina kivuli. Babu yake alilitumia kwa kila mtu asiyeonekana: mtoto aliyekawia kutoka shule, mbuzi, hata mwezi ukiwa nyuma ya mawingu. Kughibu ni kutokuwepo. Lakini Reem amekulia Dakhiliyah, mkoa wenye Manah na Nizwa, na huku pana neno linalofanana nalo kama pacha, mughayyab, ambalo watoto hawalitamki wakiwa peke yao. Mughayyab ni mtu ambaye watu wamemzika, kumbe mchawi alishamchukua zamani na kuacha kaburini kitu chenye sura yake. Kwa Waswahili ni msukule. Mughayyab hafi. Hulimishwa shamba la mchawi, hupanda mitende yake, hunywa maji ya falaji, mfereji wa mashambani, wakati watu wamejilaza adhuhuri, na ukimwita haitiki kwa kuwa jina lake limeondolewa.

Reem alisisimkwa mwili. Akamtazama khaala yake kwa huruma kubwa, kisha akamweleza afisa kwa Kiingereza safi. Shukriya aliona tu kwamba maelezo yamekuwa marefu kuliko jibu lake. Hakuuliza. Mtu anayeomba kuokolewa hujifunza kutouliza.

Jibu la ofisi lilipokuja, Reem alilisoma kwa sauti huku akitafsiri, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kupunguza sauti. Waliarifiwa, ilisema ofisi, kwamba mume wa mwombaji yu hai na anafanya kazi ya shamba. Mwombaji aeleze shamba hilo liko wapi, mwenyewe ni nani, na kwa nini mke na mume wasitulie pamoja hapohapo walipo. Mume naye atahitajika kuhojiwa na kupimwa afya.

Bi Shaikha alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Wampime afya mughayyab. Labda ana presha." Halafu kicheko kikamkatika, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

"Reem. Maneno hayo uliyasema kwa kinywa chako, adhuhuri, ndani ya nyumba hii?"

"Mimi nimesema nini, bibi? Yeye ndiye amesema."

"Huyu kasema hayupo. Wewe umemweka shamba."

Nje, mitende ilikuwa imesimama bila upepo, na Shukriya akajikuta anaitazama, shina baada ya shina, kama mtu anayetafuta nguo iliyopeperushwa kutoka kambani.

Neno lililotoka halikurudi. Reem alimsimulia mama yake, mama yake akawasimulia wanawake wa mtaa, na kabla hawajaokota tende za msimu huo, Manah yote ilijua kwamba mume wa Shukriya yuko shamba. Walianza kumpa pole kwa namna ya ajabu, wakishusha sauti na kutazama pembeni. Mabruka, jirani, alikuja na sahani ya halua na habari yake.

"Nimemwona," akasema. "Sikutaka kukwambia, lakini nimemwona. Adhuhuri, mitendeni, amesimama kalipa jua mgongo. Kichwa wazi. Mwenye kichwa kirefu hivi, kwenda nyuma."

Shukriya aliiweka sahani chini polepole. Tangu alipofika Manah hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari ya kichwa cha Nadhir.

Baada ya hapo alianza kusikia. Saa ya kailula, watu wanapolala adhuhuri, Manah huwa tupu hata paka hujificha. Jua husimama juu, maji ya falaji hupita chini ya ukuta bila sauti, na mtu aliye macho hujiona kama amesahauliwa na wenzake wote. Shukriya alipenda kushona saa hiyo, kwa kuwa mwanga ulikuwa mwingi na maswali hayakuwepo. Ndipo siku moja, sindano ikiwa nusu ndani ya kitambaa, sauti ikasema nje ya mlango wa uani:

"Hodi, wenyewe."

Sauti ya mgeni anayeona haya. Mdomo wake ulikwisha kufunguka kujibu. Bi Shaikha, aliyekuwa amejilaza chumba cha pili, akamwona kupitia mlangoni na kuinuka kwa mkono mmoja.

"Wamjibu nani?"

"Hujasikia, bibi?"

"Sikusikia kitu. Na wewe hujasikia. Sauti isiyo na uso haijibiwi karibu, mwanangu. Ukimjibu umempa ruhusa, na hujui umempa nani."

Ikawa hivyo, siku nyingine kimya, siku nyingine hodi moja tu, hairudiwi. Shukriya hakuitika. Alijiambia ni masikio. Mwanamke aliyelala na hofu ya viza hawezi kukosa kelele kichwani. Lakini kila hodi ilipopita bila jibu alihisi aibu, ile aibu ya kumwacha mtu wa nyumbani kwako juani.

Kisha Humaid akaja kutoka Nizwa na uzi.

"Huu nimeukuta dukani juu ya meza," akasema. "Nilikuwa nimesinzia kidogo baada ya chakula, mlango nusu wazi. Naamka, uzi huu hapa, umepigwa fundo. Mtu anataka kofia ya kipimo hiki, nadhani. Mfanyakazi wa mashamba, hawa hawajui namba."

"Hukumwona?"

"Dada yangu, nakwambia nilikuwa nimesinzia. Umewahi kumwona mtu uliyesinzia mbele yake? Shona tu. Akija atalipa, asipokuja tutamuuzia mwenye kichwa cha ngamia."

Alipokwisha ondoka, Shukriya alifunga mlango wa chumba chake. Akakaa chini, akakunja goti, akauzungusha uzi. Fundo lilikutana na ncha. Halikupita, halikupungua. Alibaki amekaa hivyo, uzi umezunguka goti, mpaka mguu ukafa ganzi.

Aliishona kofia ile kwa hariri ya bluu na nyeupe, akitoboa vitobo vyake kimoja kimoja na kuvizungushia uzi, na hakumwambia mtu. Ilipokwisha aliitundika kwenye msumari nje ya mlango wa uani, ambapo Humaid huchukua kazi zake anapopita. Humaid alipita mara mbili na hakuichukua. Alisema hakuiona.

Wakati huo Fawziya alikuwa akipiga simu kutoka Kanada, na kila akipiga subira yake ilikuwa imepungua.

"Dada, wamekubali kukuhoji tena. Safari hii kuna mkalimani wao. Sema kulitokea kosa la tafsiri, sema mume amekufa, imekwisha. Neno moja tu."

"Sikuiona maiti yake."

"Na mimi ya baba niliiona? Nani kwetu aliyeziona maiti zake? Sikiliza. Ukisema yu hai, itabidi atafutwe hata kwa mashetani. Wenzangu hapa ni watu wema lakini ni watu, wamechoka kungoja. Kuna mama wa Sudan na watoto wake, wanakitaka chumba hichohicho."

"Na nikisema amekufa, halafu akatokea?"

"Hapo hawatamchukua. Sheria yao ndiyo hiyo. Uliyemwacha nje ya maelezo yako leo, kesho huwezi kumwita. Lakini hatatokea, Shukriya. Unajua hatatokea."

Ndivyo ilivyokuwa, na atakayesoma haya aipime mwenyewe hukumu ile. Waliomchukua Nadhir hawakuhojiwa na mtu. Hakuna aliyewauliza liko wapi shamba lenu, nani mwenyewe. Aliyeulizwa ni mkewe, na aliambiwa achague: amuue mumewe kwa ulimi wake mwenyewe apate kuokoka, au amwache hai na abaki naye hapo, kwenye viza inayokwisha. Waandishi wa sheria hizi si watu wabaya. Wamekosa tu kumwekea nafasi mtu aliyechukuliwa. Wachawi wa Dakhiliyah, angalau, wanalo neno lake.

Shukriya alichagua kuokoka. Alijizoeza lile neno akiwa peke yake, jikoni, kwenye ndoo ya kufulia. Amekufa. Amefariki. Akaona amefariki ni jepesi kidogo.

Siku ya mahojiano alikaa sebuleni na simu imeegemezwa kwenye birika. Reem alikaa pembeni, ameambiwa asifungue mdomo. Bi Shaikha alisimama mlangoni mwa chumba chake na tasbihi. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imepita, watu wameswali, mji umelala.

Mkalimani alikuwa mwanamke, Kiswahili chake cha bara, cha ofisini. "Mama Shukriya, habari za huko. Usiogope. Afisa anasema mara ya kwanza uliarifu kwamba mume wako anafanya kazi shambani."

"Ilikosewa tafsiri."

Reem akainamisha kichwa.

"Sawa, tumeelewa. Basi afisa anataka tu kuthibitisha. Mume wako amefariki?"

Lilikuwa tayari. Lilikuwa limekaa mbele ya ulimi, limeoshwa, limekunjwa. Shukriya akavuta pumzi ya kulitoa.

"Hodi, wenyewe."

Hakugeuka. Alikwisha zoea kutogeuka. Aliyakaza macho kwenye uso wa mkalimani katika kioo cha simu, na akangoja sauti ile ififie kichwani kama siku zote. Uso wa mkalimani ukatabasamu.

"Naona una mgeni, mama. Nenda kamfungulie kwanza. Afisa anasema hakuna haraka, tutangoja."

Ndani ya nyumba ile hakuna aliyetikisika. Tasbihi ya Bi Shaikha ilisimama. Reem alikuwa ameshika ukingo wa zulia kwa mikono miwili.

"Umesikia?" akauliza Shukriya. "Wewe, huko uliko, umesikia?"

"Nimesikia mwanamume amebisha hodi." Mkalimani alichanganyikiwa kidogo. "Si nyumbani kwako? Mpokee tu."

Bi Shaikha alimtazama Shukriya na kutikisa kichwa, polepole, kidole kikiwa mdomoni. Shukriya alimwona. Alimwona pia Nadhir, asubuhi ile, akiuliza waya wa nchi gani ulio bora, na yeye akimjibu bila kumtazama kwa sababu maziwa yalikuwa yanataka kufurika. Neno lile, amefariki, akaliacha. Amwambie nani amefariki, na mwenyewe amesimama juani anangoja ruhusa?

"Mwambie afisa hivi," akasema. "Mume wangu hajafa. Alichukuliwa na hajulikani alipo. Mimi sikumwona akifa, na sitasema jambo ambalo sikuliona. Jina lake Nadhir, fundi redio, wa Uvira. Liandikwe pamoja na langu. Liandikwe kwamba akija atanifuata."

Mkalimani alizungumza na afisa kwa muda. Alipogeuka tena, sauti yake ilikuwa ya chini. "Afisa ameandika. Lakini anataka uelewe. Faili litarudi nyuma. Wadhamini wako wataulizwa kama watamkubali na yeye. Wanaweza kukataa. Itakuwa ni muda mrefu, na huenda ikashindikana kabisa. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Pole, mama. Na mgeni wako je, ameondoka?"

"Huyo si mgeni," akasema Shukriya.

Simu ilipozimika Reem alianza kulia bila sauti. Shukriya alisimama. Alikwenda mpaka mlango wa uani, mguu ukiwa mzito kama siku ile ya uzi, akaweka kiganja kwenye ubao.

"Shukriya," akasema Bi Shaikha. Hakuamrisha. Alikuwa kama anayeomba. "Mwanangu, usimjibu."

"Karibu," akasema Shukriya. "Karibu ndani."

Akafungua. Kichochoro kilikuwa cheupe kwa jua, na magofu upande wa pili yalimtazama kwa matundu yake. Hapakuwa na mtu. Kofia ya bluu na nyeupe ilikuwa kwenye msumari wake, palepale alipoitundika. Akaitungua. Kitambaa cha nje kilikuwa kikavu na cha moto, kama kilivyopaswa kuwa. Akaingiza vidole ndani, kwenye ule ukingo unaogusa paji la uso.

Ulikuwa umeloa jasho.

Shukriya akairudisha kwenye msumari, akaingia ndani kuchota maji ya kunywa, na mlango akauacha wazi.